UZI: Catherine Connolly, diwani wa Galway aliyekosa ubunge kwa kura 17, sasa Rais wa Ireland

Mkaazi wa Corrib (mwenye uzi)

Wakuu, habari za muda huu. Mods naomba msiuunganishe uzi huu na ule wa siasa za Ulaya, huu ni wa mtu mmoja.

Tangu Catherine Connolly aapishwe tarehe 11 Novemba 2025 kuwa Rais wa kumi wa Ireland, kila kona nakuta watu wanasema yule mama kaibuka ghafla, kabebwa na vijana wa TikTok na ile video anachezea mpira. Mimi naishi Galway, mji aliozaliwa na kulelewa. Huyu mama kaanzia udiwani, kakaa udiwani mpaka watu wakamzoea kama nguzo ya umeme, na kabla hajaingia bungeni alikuwa ameshapigwa chini mara mbili. Tuanzie hapo.

Kazaliwa Julai 1957. Kwao ni Shantalla, mtaa wa watu wa kipato cha chini hapa mjini. Wako kumi na wanne tumbo moja, wasichana saba na wavulana saba. Mama yao alifariki Catherine akiwa na miaka tisa. Baba alikuwa seremala na mjenzi wa mashua. Akasoma saikolojia, akaenda Leeds kule Uingereza kuchukua uzamili, akarudi kufanya kazi ya tiba ya saikolojia kwenye mamlaka ya afya ya huku magharibi. Halafu akarudi darasani kusoma sheria, na 1991 akawa wakili. Siasa zimemkuta ameshapita miaka arobaini, ana fani mbili mkononi.

Mwaka 1999 akagombea Baraza la Jiji la Galway kwa tiketi ya Labour, akapita. 2004 akapita tena, na mwaka huohuo madiwani wenzake wakamchagua meya.

Kuhusu meya, wengi wanapotea. Meya wa Galway anakaa mwaka mmoja tu. Wananchi hawampigii kura, wanaomchagua ni madiwani, na mara nyingi vyama vinakuwa vimeshakubaliana zamu mapema. Anavaa ule mkufu mzito shingoni, anaongoza vikao, anafungua matamasha, anapokea wageni. Mwenye bajeti na saini ni mtendaji mkuu wa jiji, na huyo ni mtumishi wa umma. Mji pekee Ireland ambao wananchi wamewahi kumchagua meya wao moja kwa moja ni Limerick, na hilo limetokea juzi tu, 2024.

Kwa hiyo "meya mstaafu" kwenye wasifu wake isiwapumbaze. Kazi iliyomjenga ni ya diwani wa kawaida: foleni ya nyumba za halmashauri, taa ya barabarani isiyowaka, kiwanja cha watoto, mpango wa ardhi unaotaka kumpa mwekezaji eneo la wazi.

Nakuja na sehemu ya pili, ile ya ugomvi na Labour.

Nahodha Mstaafu

Nipo siti ya mbele mkuu. Tiririka.

Ila hapo kwenye meya na mtendaji umenichekesha. Meya anachaguliwa na madiwani, mwenye rungu ni mkurugenzi. Nilidhani unaelezea halmashauri yetu.

Mkaazi wa Corrib

Nahodha, tofauti ni nani anamweka huyo mkurugenzi. Huku nafasi inatangazwa, watu wanafanyiwa usaili na chombo cha ajira za umma, na madiwani wanapitisha uteuzi.

Sehemu ya pili. Jimbo la Galway West lilikuwa na mkongwe wa Labour, Michael D. Higgins. Ndiyo, huyohuyo aliyekuwa Rais kuanzia 2011 mpaka 2025. Naye kabla ya Ikulu alipita mlemle: diwani, meya wa Galway mara mbili (1982 na tena 1991), seneta, mbunge, waziri wa utamaduni. Uchaguzi wa 2007 ulipokaribia, Connolly akataka Labour isimamishe wagombea wawili Galway West, Higgins na yeye. Chama kikakataa, kikabaki na Higgins peke yake.

Kwa mfumo wetu hilo lingekuwa wazimu, chama kimoja wagombea wawili jimbo moja. Huku ni jambo la kila siku, kwa sababu jimbo lina viti vitatu, vinne au vitano. Hoja ya chama ilikuwa ya kihesabu, kwamba kura zikigawanyika mnaweza kukosa vyote. Hoja yake yeye ilikuwa kwamba wawili wanavuta watu wengi kuliko mmoja. Akaondoka Labour. Akasimama kama mgombea binafsi 2007, akaanguka. Akarudi kwenye udiwani wake, 2009 wakampa tena bila chama.

Halafu ikaja 2011.

Wakili wa Mtaani

Mgombea binafsi! Sisi marehemu Mchungaji Mtikila alikwenda mpaka Mahakama ya Afrika pale Arusha, 2013 wakampa haki, na mpaka leo mgombea binafsi tunamsikia kwenye nyuzi kama hizi. Endelea mkuu, usinifanye nilie.

Binti Kisutu

Naomba ufafanuzi kabla ya 2011. Viti vitano jimbo moja, sasa mtu anapigaje kura? Anatiki watano?

Mkaazi wa Corrib

Binti Kisutu swali zuri, bila hili huwezi kumwelewa Connolly.

Hutiki. Karatasi ina majina yote na picha zao. Unaandika 1 kwa unayemtaka kuliko wote, 2 kwa anayefuata, 3, 4, unaendelea mpaka unapochoka. Kura yako ni moja tu, ila inahama.

Wakati wa kuhesabu, chukua kura halali, gawanya kwa idadi ya viti jumlisha moja, halafu ongeza kura moja. Jimbo la viti vitano lenye kura 60,000, unagawanya kwa sita, unapata 10,000, unaongeza moja. Anayefika 10,001 kaingia. Akizidisha, ziada yake inahamia kwa waliopewa nambari 2. Akikosekana wa kufika, aliye mkiani anatolewa na kura zake zinafunguliwa upya, kila karatasi inakwenda kwa nambari inayofuata. Raundi ya pili, ya tatu, ya kumi. Wanahesabu mpaka usiku wa manane, wanalala, wanaendelea kesho.

Matokeo yake mgombea huku anaogopa kuchukiwa kuliko kutopendwa. Mtu wa chama kingine unamgongea mlango, unamwambia najua nambari 1 yako ina mwenyewe, nakuomba 2 au 3. Akiwa hayupo wanaacha kikaratasi kwenye tundu la barua, "samahani nimekukosa", kwa mwandiko wa mkono au uliochapwa ukafanana na wa mkono. Mimi mwenyewe ninavyo, maana kwenye udiwani hata sisi wageni tunapiga kura. Ukiwa mkaazi wa kawaida, uraia si hoja. Uchaguzi wa Juni 2024 niliandika nambari zangu nikiwa bado sina uraia. Ubunge ndio unataka uwe Muireland au Mwingereza, na urais ni Muireland peke yake.

Kuna watu wa vyama nawapenda sana siku ya kuhesabu. Masanduku yanafunguliwa asubuhi, makarani wanapanga karatasi zikiangalia juu, na ng'ambo ya kizuizi wamesimama hawa jamaa na penseli na ubao, wanachungulia kila karatasi inayogeuzwa na kuweka alama. Karani hajamaliza hata sanduku la tatu, wao wameshajua mtaa gani umemtupa nani. Ifikapo saa sita mchana redio inawanukuu wao.

Mkaazi wa Corrib

Sasa 2011. Wananchi wana hasira, uchumi umeanguka, benki zimeokolewa kwa pesa za walipa kodi, na IMF na Umoja wa Ulaya wameshaingia tangu mwishoni mwa 2010. Fianna Fáil, chama kilichozoea kutawala, kinafagiliwa. Galway West viti vitano. Vinne vinapata wenyewe, cha tano kinabaki kati ya Connolly na Seán Kyne wa Fine Gael.

Connolly hakuanza juu. Alikuwa anapanda raundi baada ya raundi kwa kura za waliotolewa. Mwisho wa yote Kyne yuko mbele kwa kura 17. Connolly akaomba kura zihesabiwe upya, wakarudia, siku zikapita nchi nzima imeshamaliza, Galway bado wanageuza karatasi. Zikabaki 17.

Jimbo hili linaanzia mjini, linakwenda Connemara yote mpaka visiwa vya Aran, ambako kuna vijiji wanazungumza Kiireland nyumbani. Ukitafuta kura 17 humo, ni familia mbili zilizochelewa kivuko.

Akarudi barazani kama kawaida. 2014 wakamchagua tena diwani. 2016 akaingia bungeni, na Kyne naye akapita, wakakaa wote. 2020 akarudi, safari hiyo Kyne ndiye aliyeangushwa. 2024 akapita tena.

Mwana wa Likoni

Wadau, huku Kenya huyu tungesema ni MCA (diwani wa kaunti) wa miaka 17 aliyekosa ubunge kwa kura 17. Mimi ningecheza hiyo namba kwa bahati nasibu.

Swali: 2007 na 2011 akiwa diwani anagombea ubunge, hakujiuzulu? Kwetu wakati mwingine lazima uachie kiti.

Mkaazi wa Corrib

Hakuachia. Unaruhusiwa kugombea, usichoruhusiwa ni kushika vyote viwili. Zamani mtu alikuwa mbunge na diwani kwa pamoja, asubuhi Dublin jioni kwenye baraza la kaunti, na posho mbili. Sheria ya 2003 ilipiga marufuku, ikaanza kazi na uchaguzi wa mitaa wa 2004.

Ukishinda ubunge, kiti chako cha udiwani hakirudi kwa wapiga kura. Baraza linateua mtu wa kukijaza, kwa kawaida wa chama chako. Kiti cha ubunge ni lazima uchaguzi mdogo, ndiyo maana alipokwenda Ikulu Galway West ilibaki na pengo.

Nyundo ya Kariakoo

Mnamsifia sana. Tuje kwenye ukweli. Waliojitokeza kupiga kura 2025 hawakufika nusu. Kura zilizoharibika zaidi ya laki mbili. Mgombea mmoja alijitoa njiani. Huo ni ushindi au walkover? Na Syria alikwenda kufanya nini?

Mkaazi wa Corrib

Nyundo, takwimu zako zina ukweli, tuziweke zote mezani.

Waliojitokeza ni asilimia 45.8. Connolly alipata kura 914,143, sawa na asilimia 63 na ushee. Heather Humphreys wa Fine Gael 424,987. Jim Gavin wa Fianna Fáil 103,568. Zilizoharibika 213,738, karibu asilimia 13, kiwango ambacho nchi hii haijawahi kukiona kwenye urais.

Gavin ni kocha wa zamani wa timu ya soka la Kigaeli ya Dublin, jamaa wa makombe sita ya taifa, lakini hajawahi kugombea hata udiwani. Wiki chache kabla ya kura ikafichuka kwamba zamani alikuwa na mpangaji aliyemlipa kodi ya ziada ya euro 3,300 na hakumrudishia. Tarehe 5 Oktoba akajitoa, jina likabaki kwenye karatasi kwa sababu muda wa kulitoa umeshapita. Diwani yeyote wa miaka kumi angejua kwamba mpangaji wa zamani ni mpiga kura.

Zilizoharibika nyingi ni hasira za mteule aliyekosekana. Kugombea urais unahitaji saini za wabunge au maseneta 20, au mabaraza manne kati ya 31. Mwanasheria wa mrengo wa kihafidhina, Maria Steen, aliishia saini 18. Vyama vikubwa viliwabana madiwani wao wasifungue mlango. Wafuasi wake wakaenda vituoni wakaandika jina lake kwa kalamu. Ni malalamiko halali kabisa, ila hayakumlenga Connolly peke yake.

Humphreys naye usimdharau. Alitokea baraza la kaunti ya Monaghan, akawa mbunge 2011, waziri kuanzia 2014 mpaka Januari 2025. Walikuwa madiwani wawili wanapambana, na mmoja wao alikuwa na serikali ya kuitetea mgongoni.

Syria alikwenda 2018 na wabunge wenzake watatu, wakapita Aleppo na kambi ya Wapalestina ya Yarmouk. Alisema alikwenda kujionea, na kwamba hajawahi kumuunga mkono Assad. Waliompinga wakauliza ziara ile ilipangwa na nani na ilimfaa nani. Mimi naona swali lilikuwa la haki na jibu lake halikutosha. Hata pale alipofananisha Ujerumani kuongeza silaha na miaka ya 1930, kuna watu wa upande wake waliokunja uso. Kumpa kura hakukuwazuia.

Wakili wa Mtaani

Umeruka bungeni. Miaka tisa alifanya nini?

Mkaazi wa Corrib

Hakuwahi kuwa waziri wala katibu wa chochote. Alikuwa mtu wa kamati: hesabu za serikali, lugha ya Kiireland. Anasoma ripoti mpaka kurasa za viambatanisho, halafu anasimama na namba ya ukurasa. Mawaziri walikuwa wanajua.

Mawili yanatosha.

Julai 2020 serikali mpya ya Fianna Fáil, Fine Gael na Kijani ilikuwa na wingi wa kutisha. Waziri Mkuu alipitishwa kwa 93 dhidi ya 63. Mwezi haujaisha, ukapigwa uchaguzi wa Naibu Spika kwa kura ya siri. Serikali ina mtu wake, Fergus O'Dowd. Connolly 77, O'Dowd 74. Akawa mwanamke wa kwanza kukalia kiti kile. Kwa hesabu za bunge lile, hizo 77 haziwezi kutoka upinzani peke yake. Turudi kule kwenye nambari 2: mtu asiye na chama anaposhinda kura ya siri, wapo wa chama kingine waliomwona hana baya nao.

La pili ni Januari 2021, ripoti ya tume ya nyumba za akina mama na watoto. Hizi ni taasisi zilizoendeshwa na masista na kulipiwa na mabaraza ya kaunti, wasichana waliopata mimba nje ya ndoa wakifichwa humo. Moja ilikuwa Tuam, kaunti hiihii ya Galway, ambako vifo vya watoto 796 vilipatikana kwenye rejista na mabaki yakakutwa kwenye mashimo ya majitaka. Connolly aliishambulia ripoti kwa jinsi ilivyowapima wanawake wale na ushahidi wao. Na serikali ilipoleta mpango wa fidia unaowaacha nje waliokaa humo chini ya miezi sita walipokuwa watoto, alirudi kwenye hilo tena na tena. Hakushinda, mpango ulipita na hiyo miezi sita yake.

Binti Kisutu

Duh, 796. Hiyo inahitaji uzi wake.

Mkuu, nauliza moja. Labour aliyoikimbia ilimuunga mkono 2025?

Mkaazi wa Corrib

Ilimuunga. Ndiyo raha ya siasa. Walianza Social Democrats na People Before Profit, Labour wakafuata, Sinn Féin wakaingia Septemba na ndio waliobadilisha uzito wa mzani, Kijani nao wakaja. Ndani ya Labour wapo walionuna waziwazi, kidonda cha 2007 hakijafunga kwa wote. Lakini kiongozi wao alisimama jukwaani naye.

Na kichekesho ni kwamba mwanamke aliyeishi miaka yote kwa kura za pili na za tatu, Ikulu ameingia kwa nambari 1 tupu. Raundi moja, hakuna karatasi iliyohamishwa.

Nahodha Mstaafu

Sasa huko Ikulu ana meno? Au ndiyo mkufu wa meya mkubwa zaidi?

Nyundo ya Kariakoo

Hana meno. Hata kusafiri nje lazima serikali imruhusu.

Mkaazi wa Corrib

Nyundo yuko sahihi kwenye safari, Katiba inasema hivyo. Muhula ni miaka saba, mwisho mihula miwili. Baraza la mawaziri hana.

Meno anayo mawili. Waziri Mkuu aliyepoteza wingi bungeni akija kuomba bunge livunjwe, Rais anaweza kumkatalia, na haelezi sababu. Na muswada ukimtia shaka, kwa ibara ya 26 ya Katiba anaita Baraza la Nchi, yaani jopo la washauri wake, anawasikiliza, halafu anaamua yeye mwenyewe kuupeleka Mahakama ya Juu.

Hilo la pili ndilo watu wanalisubiri. Serikali inataka kubadilisha utaratibu wa kupeleka wanajeshi nje. Kwa sasa wakizidi 12 wanahitaji idhini ya serikali, bunge na Umoja wa Mataifa, na serikali inataka kuuondoa Umoja wa Mataifa. Connolly amepiga kampeni nzima akitetea kutofungamana kijeshi. Wafuasi wake wanadhani muswada ukimfikia mezani ataupeleka mahakamani na mchezo utaisha.

Ila kuna mtego pale. Mahakama ikisema muswada ni safi, analazimika kusaini, na kuanzia siku hiyo hakuna raia yeyote anayeweza kuupinga tena kwa hoja ya Katiba. Umefungwa moja kwa moja. Na neno la kutofungamana halijaandikwa waziwazi kwenye Katiba ya Ireland, hivyo majaji hawana pa kushika pakubwa. Kwa hiyo akiupeleka kwa hasira anaweza kuipa serikali kinga ambayo isingeipata kwingine.

Wakili wa Mtaani

Hapo umeniweza. Mwanasheria akiwa Rais halafu silaha yake bora ni kutoitumia.

Mwana wa Likoni

Na amesomea saikolojia pia. Serikali ndiyo itakayokosa usingizi ikingoja aseme kitu.